Ugonjwa Haufuati Jina

Kila asubuhi, kabla hajafunga kanga vizuri, Kanze hukagua nyayo zake. Mguu wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Akiona mkwaruzo, siku hiyo hatulii. Hufagia ua mara mbili. Huinjika maji na kuyasahau motoni.

Hapa Minjila jirani zake wanaijua sababu. Hawe yake, yaani nyanya yake mzaa baba, aliugua kisukari. Alipofuka macho, halafu akakatwa mguu kwa kidonda kilichoanzia wayoni. Jina lake lilikuwa Kanze. Wagiriama humpa mtoto jina la mzee wa ukoo, na katika boma lao wazee walishikilia kwamba jina halishuki peke yake. Hushuka na tabia, hushuka na maradhi. Kwa hiyo Kanze alinyimwa sukari tangu utotoni, na alipokua aliendelea kujinyima.

Mdogo wake, Linda, alipewa jina la nyanya mzaa mama, ambaye alilima mpaka mwaka aliokufa. Linda huuza chai na mahamri penye njia panda. Hukaa kitini kutwa, na huonja anachouza. Akimwona dada yake akinywa chai isiyo na sukari, humwambia kwamba hayo ni maji ya kuoshea vikombe.

Mwezi wa Machi, zahanati ilitangaza siku ya kupima presha na sukari. Watu waliambiwa wafike asubuhi kabla ya kula. Kanze alimwomba Linda amsindikize. Waliondoka bila hata chai, naye Linda alinung'unika njia nzima.

Muuguzi aliitwa Batula, binti wa wafugaji wa Kiorma. Alimpima Kanze kiuno, presha na sukari. Kanze alikuwa akisugua vidole vya miguu sakafuni. Batula aliandika, akamwambia kwamba vipimo vyote ni vizuri. Kisha akamgeukia Linda.

"Mimi msindikizaji tu, sista," Linda alisema. "Hawe niliyepewa jina lake mimi, mzaa mama, alikuwa na nguvu za punda. Mwenye jina la mgonjwa ni huyu."

"Huyo mgonjwa alikuwa mama wa nani?"

"Wa baba."

"Baba yenu ni mmoja?"

"Mmoja."

"Basi njoo hapa."

Kiuno cha Linda kilikuwa sentimita tisini na tisa. Presha yake ilikuwa 144 kwa 92. Sukari, kabla ya kula, ilikuwa 6.4. Linda alisema mashine imeharibika. Batula alimpumzisha, akarudia, na tofauti ilikuwa ndogo sana.

Alieleza bila kupandisha sauti. Kiuno kipana, presha ya juu, sukari iliyopanda, na aina mbili za mafuta ya damu yasiyo sawa: hayo ni mambo matano. Mtu akiwa na matatu, kama Linda, madaktari husema ana sindromu ya metaboli. Bado si kisukari, lakini ndiyo njia ya kwenda huko, na ya kwenda kwenye kiharusi na ugonjwa wa moyo.

"Lakini jina ni langu mimi," Kanze alisema.

"Mwili hausomi jina, dada. Kila mtoto huchukua nusu ya vinasaba kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Vinasaba ni maagizo madogo yanayouongoza mwili. Ni vingi, na kila mtoto hupata mchanganyiko wake. Kwetu, fahali mmoja na ng'ombe mmoja huzaa ndama wa maziwa mengi, na mwingine wa maziwa haba. Hatuwajui kwa majina. Tunawajua kwa kukamua."

"Kwa hiyo mimi sikurithi kitu?"

"Huenda ulirithi. Lakini umejitunza miaka yote, ingawa sababu uliyopewa si ya kweli. Mwenzako aliambiwa yuko salama, naye hakujitunza. Kurithi hatari si kurithi ugonjwa."

Njiani Kanze alitembea mbele, akarudi nyuma, akamtazama Linda miguu. Miaka yote alikuwa amekagua nyayo zake mwenyewe tu.

Tangu siku hiyo Kanze aliificha sukari, na Linda akaipata. Waligombana. "Dada, umekuwa askari wa kikombe changu," Linda alimwambia. Lakini aliacha kuonja mahamri. Alipunguza wali na kuongeza mchicha na kunde. Jioni alitembea nusu saa, huku Kanze akimhimiza aongeze mwendo. Kila mwezi alirudi zahanati kupima presha.

Mwezi wa Septemba kiuno kilikuwa tisini na moja. Presha ilikuwa 126 kwa 80. Sukari ilikuwa 5.4.

Linda aliuliza kama amepona.

"Umerudi nyuma kutoka ukingoni," Batula alisema. "Vinasaba ni vilevile. Ukilegea, vipimo vitapanda tena." Kisha akauliza kama wana ndugu mwingine.

Walikuwa naye, kaka yao Mangi, wa huko Chara. Hakuwahi kupimwa. Kabla Linda hajamaliza kueleza, Kanze alikuwa amekwisha toka nje na simu sikioni. Mangi aliuliza kuna haraka gani, ilhali yeye haumwi popote. Kanze alimwambia gari la kwanza linatoka Chara saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na asithubutu kunywa chai.