Wiki Tano za Kuchagua Pampu

Ko! Ko! Ko! Chuma juu ya kioo. Muuzaji alikuwa ameinama chini ya kaunta akitafuta plagi, duka la spea limejaa wateja kama siafu, na kabla hajainua kichwa alikwisha kupandwa na hasira.

"Kaka, hicho ni kioo, si mlango wa kwenu!"

"Samahani, dada. Nilidhani hakuna mtu."

"Na hawa wote wamepanga foleni kwa nani?"

Alipoinuka alimkuta kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi mpaka ina mstari mguuni. Fundi gani huyu anayenyoosha ovaroli? Rula imechomoza mfukoni, na mkononi amebeba pampu ya maji kuukuu, ameifunga kitambaa kama mtoto mchanga.

"Namtafutia huyu ndugu yake," akasema.

Watu wakaangua kicheko. Muuzaji naye, bila kutaka, akacheka. Hapo ndipo alipojiponza.

Injini ilikuwa ya gari la zamani, lililotengenezwa kabla wao wawili hawajazaliwa, na fundi alikuwa akiijenga upya nati kwa nati. Pampu za kuifaa zilikuwa tatu: ya chuma, ya alumini, na ya mapanga manane ya kusukumia maji. Kwa mtu mwenye akili zake, ni kazi ya dakika kumi. Bwana Rula, ndivyo duka zima lilivyomwita, ilimchukua wiki tano. Alichukua ya chuma, akairudisha. Akachukua ya alumini, akairudisha. Katikati ya kurudisha huko wakapendana, na simu zikaanza.

"Umeamkaje, ua langu?"

"Salama, mpenzi."

"Nimekuota."

"Ehe! Nilivaa nini?"

"Ulishika ile ya alumini. Hivi maji yetu haya hayataila?"

"Haki ya Mungu, ipo siku nitakukatia simu!"

Shangazi yake muuzaji, mwenye duka, alikuwa akiburudika bila kiingilio. "Mwanaume haji dukani mara kumi na moja kwa ajili ya pampu, mwanangu. Pampu ni kisingizio tu." Muuzaji akaamini, maana moyo uliopenda hautaki shahidi wa pili. Kwa hiyo Bwana Rula alipopiga simu Alhamisi, sauti imeshuka, akasema, "Jumamosi njoo gereji. Nina jambo zito la kukuuliza," shangazi mtu mwenyewe alivua hereni zake akamvisha.

Akaenda na gauni la zambarau lililomkaa kiunoni kana kwamba lilishonwa akiwa ndani yake, akaruka madimbwi ya oili kwa viatu vya kisigino. Fundi alimpangusia kiti mara mbili, akamketisha, akamshika mkono.

"Umependeza mpaka maneno yamenipotea."

"Yatafute."

Akavuta pumzi. "Niambie ukweli, usinionee haya. Ya chuma, au ya mapanga manane?"

Muuzaji akasimama polepole. "Hilo ndilo jambo zito?"

"Kwani lipo zito kuliko hilo?"

"Basi oa pampu! Kaipose hiyo ya chuma, mkazae rejeta!"

Akaondoka. Siku tisa simu ikalia, hakupokea hata moja.

Siku ya kumi shangazi aliingia dukani na habari. "Bwana wako amechagua. Kwa hasira. Kanunua duka la ng'ambo ya barabara, nimeona akitoka na boksi lenye mshale mwekundu. Leo saa kumi anawasha, na baba yake ameitwa aje kusikiliza."

"Mshale unaelekea wapi?"

"Kushoto. Kwani una nini?"

Kalamu ilikwisha kumdondoka. Aina ile wao waliacha kuiweka. Ni ya injini ambazo mkanda hupita nyuma ya puli, lile gurudumu la pampu, pampu ikazunguka kushoto; injini ya fundi huzungusha kulia. Kwa nje ni pampu ile ile, bolti zinaingia bila ubishi, lakini ndani mapanga yamegeukia upande mwingine. Maji yatazubaa, injini itachemka. Na silinda zile zilikwisha kuchongwa mara moja. Hazikubaki na nyama ya kuchongwa tena. Zikiungua, gari ni la kufugia kuku.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka.

"Sasa ananinunia yeye! Mwanaume huyu ataniua kabla ya siku zangu!" Akatoka mbio na kandambili za dukani.

Kule gereji mzee, baba yake fundi, alikuwa ameketi kwenye benchi, kofia magotini. Fundi yumo garini, mkono kwenye ufunguo.

"Usiwashe!"

"Nimechagua mwenyewe. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Toa mkono hapo! Umefunga ya kushoto!"

Fundi alishuka, akaliokota boksi, akautazama mshale. Akaketi juu ya tairi.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema chini chini. "Baba aliniambia pampu inavuja, nikamjibu najua. Nikalitoa gari lake kwa sifa, nikaiunguza injini hii hii. Hakunitukana. Ila hakuligusa tena mpaka leo. Ndiyo maana nauliza mpaka nachosha."

"Umenieleza kutu, umenieleza bolti, umenieleza mapanga. Wiki tano! Hili la baba hukunieleza."

"Niliona aibu. Kwako zaidi kuliko kwa mtu mwingine."

"Funga ya chuma," muuzaji akasema. "Haina urembo, inasukuma maji. Basi."

Mzee akakohoa. "Kwa hiyo leo haliwaki?"

"Haliwaki, baba. Nilikosea tena."

"Afadhali safari hii umesema mwenyewe. Na huyu mwenye makelele ni nani?"

Muuzaji akajiandaa kusikia "dada wa duka la spea". Lakini fundi alisimama, akaifuta mikono, akamshika muuzaji mkono.

"Ni mchumba wangu."

"We! Na mimi umeniuliza?"

"Nakuuliza."

"Umechelewa mpaka umepitiliza," akasema, machozi yakimlenga. Mkono hakuutoa.

Fundi akamgeukia mzee, akapaza sauti mpaka gereji nzima ikaacha kugonga vyuma.

"Baba, nakuahidi mbele ya hawa wote: Jumamosi hii mimi na wewe tunakwenda kwa shangazi yake kuposa. Gari liwake, lisiwake, tutakwenda, hata kwa miguu."