Dawa Ambayo Wegesa Hakuiona

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ng'ombe wa tatu alikuwa ametupa mimba. Wegesa, binti wa miaka kumi na miwili wa kijiji cha Nyamwaga, alimtazama baba yake, Mniko, akimwondoa ndama mfu kwa mikono mitupu.

"Watatu kwa wiki moja," Mniko alisema. "Hapa kuna mkono wa mtu."

Mtu huyo alikwisha kutajwa. Jilala, mchimba dhahabu kutoka Shinyanga, alipanga chumba nyuma ya boma lao. Juzi jioni Wegesa alimwona bomani akiokota mavi makavu ya ng'ombe na kuyatia kwenye kopo. Pale kwao, anayechukua mavi ya boma la mwenzake bila kuomba huhesabiwa kuwa amechukua baraka ya mifugo.

"Binti, ulimwona akitia dawa kwenye maji ya ng'ombe?" mwenyekiti wa kitongoji aliuliza mbele ya wazee waliokusanyika bomani.

Macho yote yalikuwa kwake. "Ndiyo," Wegesa alijibu.

Jilala aliamriwa ahame. Salamu zake hazikuitikiwa tena.

Alhamisi alifika Elieth, daktari wa mifugo. Alivaa glavu, akatoa damu ya ng'ombe, kisha akaomba Jilala asiondoke kabla ya majibu. Alimulika ukuta wa banda. Mbu walikuwa wametulia, matumbo mekundu.

"Hawa wamekula wapi?"

"Kwa ng'ombe," Wegesa alisema.

"Na mlango wenu uko hatua kumi tu. Mbu hachagui ukoo, mama."

"Mimi huchoma mavi kuwafukuza hao hao," Jilala alisema kwa mbali. "Sikujua kuwa huku huombwa."

"Wezi wote husema hawakujua," Mniko alinong'ona.

Siku ya tisa baada ya kuchukua damu, Elieth alisoma majibu mkutanoni: homa ya Bonde la Ufa. Mvua kubwa ilizalisha mbu, mbu wakaambukiza ng'ombe. Binadamu huambukizwa na mbu hao, na zaidi kwa kushika damu au mimba iliyotupwa.

Wegesa alisimama. "Shikamooni. Niliona kopo na mavi. Dawa sikuiona. Nilidanganya."

Mniko aliinamisha kichwa.

"Uongo wako ungemhamisha mtu na kutuachia ugonjwa," Elieth alisema. "Ulichokiona kitaje. Unachokidhani kipimwe kwanza. Nanyi wazee, hilo ni lenu pia."

Saa tisa na nusu alasiri mwenyekiti alifuta amri. Jilala alirudi chumbani bila kumuaga mtu, akaanza kufungua mizigo.