Kipande Kilichorudi Kizito

"Siri hii inaniunguza moyo. Kama humwambii Mizani wewe, nitamwambia mimi."

Aliuona ujumbe ukiingia kwenye simu ya mchumba wake, iliyoachwa juu ya meza ya maabara, mwenye simu akiwa bombani ananawa mikono. Aliyeutuma ni dada wa hadubini, mpiga picha za vipande kule ghorofani. Na huyo Mizani ni yeye mwenyewe aliyekuwa akiusoma. Walimbandika jina hilo kwa kuwa kazi yake ni kupima uzito.

Kumbe ndiyo maana! Wiki tatu mwanamume hapokei simu mbele yake, na harusi ni mwezi ujao. Kazini nako mambo yalikuwa yamemwendea mrama. Vipande vya alumini iliyochanganywa na chembe za kauri vilikuwa vikisuguliwa kwenye diski ya chuma inayozunguka, kisha yeye anavipima aone vimelika kiasi gani. Ajabu, vingine vilirudi vizito kuliko vilivyokwenda! Mkuu akasema anakosea kupima, akampa barua ya onyo: kosa moja zaidi, afungashe virago.

— Nani kaniandikia? mchumba aliuliza, akijifuta mikono.

— Soma mwenyewe.

Mizani alipanda ngazi mbili mbili hadi chumba cha hadubini.

— Unatembea na mchumba wangu?

— Mimi? Dada wa hadubini alicheka, kisha akaacha. — Shoga, yule hata nipewe bure simchukui. Njoo uone.

Kwenye skrini kulikuwa na uso wa kipande, umegandwa na utandu mweusi.

— Huo ni chuma. Chembe za kauri ni ngumu, zimeikwangua diski, na chuma chake kimeng'ang'ania hapa, kikaongeza uzito. Ulipima sawasawa tangu siku ya kwanza.

— Picha ya lini hii?

— Wiki tatu zilizopita. Mchumba wako aliniomba ninyamaze mpaka Ijumaa, aitangaze kwenye ripoti yake mbele ya wakuu. Nikajua anataka kukufurahisha. Leo ndiyo nasikia una barua ya onyo.

Mizani alivuta kiti, akakaa. Wiki tatu alikuwa akiisafisha ile mizani, akipima upya, akilia. Na mwanamume huyohuyo ndiye aliyekuwa akimfuta machozi: "Pole mpenzi, kila mtu hukosea."

— Nitolee hiyo picha, shoga. Tarehe yake ionekane, nampelekea mkuu sasa hivi.

Mchumba alitokea mlangoni, anahema.

— Mpenzi, naapa, sina mwanamke mwingine!

— Afadhali ungekuwa naye. Ungeniachia kazi yangu.

— Nilitaka tupate sifa, mimi na wewe. Si ni sifa ya nyumba yetu?

— Kwenye ripoti yako umeandika majina mangapi?





— Moja.

Mizani aliichukua picha, akampita pale mlangoni.

— Basi na kadi za harusi kaandike hilohilo moja.