Kiti cha Pili

Jioni ile nilikwenda Manzese, kwa fundi Jabiri, kuchukua baiskeli ya marehemu mume wangu, Gozbert. Ilikuwa ya kale, ya Waingereza, ya magurudumu matatu: mawili makubwa ubavuni, yakinifika kifuani, na dogo moja mbele. Katikati, viti viwili vya ngozi vilivyopangwa bega kwa bega, kila kimoja na pedali zake. Gozbert aliiokota kwenye vyuma chakavu ili tuiendeshe pamoja.

Hatukuwahi.

Jabiri alikuwa amesimama mbali nayo. Alinieleza kwamba kila magharibi pedali za kushoto huzunguka zenyewe, polepole.

"Ni mwenyewe, marehemu?" nilimuuliza. Nilitamani aseme ndiyo.

"Mie sijui, mwalimu," alinong'ona. "Ila ichukue leo."

Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kikanifikisha nayo nyumbani, Wazo. Nyumba ilikuwa kimya, kama ilivyo tangu msiba. Nikaketi uani, kwenye kiti cha upande wa kulia cha baiskeli, nikinusa grisi na ngozi kuukuu.

"Hodi..."

Sauti ya chini, nyuma yangu. Miaka yote nimewafundisha watoto wadogo: ukipigiwa hodi, itikia.

"Karibu," nikasema, kabla sijageuka.

Kiti cha pili kikabonyea.

Kriii... kriii...

"Gozbert?"

Nikakanyaga pedali zangu, tukauzunguka ua taratibu, huku machozi yakinitiririka kwa furaha. Kisha nikasikia nyayo zake kwenye pedali. Wa kulia. Wa kushoto. Wa kulia...

Gozbert alizikwa na mguu mmoja. Kisukari kiliuchukua ule mwingine.

"Shuka," nikanong'ona.

"Si umenikaribisha?" ikajibu ile sauti, kwa upole.

Na kweli, nilikuwa nimemkaribisha. Nikashuka mimi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sikuwa na dawa nyingine. Siku ya tatu, jua likizama, nikaliegemeza jembe kwenye kiti chake, nikajifungia ndani nikiomba aone haya aende zake.

Asubuhi jembe lilikuwa na udongo mbichi.

Chini ya dirisha langu kulikuwa na shimo, limechimbwa vizuri, pembe zote sawa. Nimejipima nalo kwa macho tu.

Linanitosha.

Sasa ni magharibi tena. Pedali zinazunguka uani, kriii... kriii... na mgeni wangu bado hajaaga.