Jogoo wa Mama Mkwe

Mimi nikimtazama kijana mara moja tu, namjua kama ni mwongo. Ndiyo maana nimeolewa na waongo wawili. Basi Tabea msimcheke.

Alikuwa amesimama shambani, mikono kiunoni, mbele ya baba yake. Hakuwa amempa mzee shikamoo tangu mpenzi wake Nelson alipomwambia kwamba amekwenda kuposa akafukuzwa kama mbwa.

— Baba, umemkataa kwa sababu yeye ni kibarua na wewe una shamba.

Mzee Ephraimu akaendelea kupogoa kahawa yake.

— Shamba? Hivi vimigomba na ng'ombe mmoja anayechechemea? Mwanangu, huyo kijana hajakanyaga hapa.

— Mnyonyaji hakosi la kusema.

Neno hilo alipewa na Nelson, pamoja na mengine: kwamba ugomvi wote duniani, hata wa mke na mume, mzizi wake ni mwenye nacho na asiye nacho, na kwamba kanisa ni kilevi cha maskini. Tabea akafunga nguo zake, akashuka mjini Engutoto kwa shangazi yake, amsubiri Nelson amuoe bila baraka za mtu.

Jumapili shangazi akashikwa na mgongo, akamtuma apeleke mkungu wa ndizi kanisani kwake. Ibada ilipoisha, sadaka za mazao zikanadiwa nje kama kawaida. Tabea yuko nyuma ya watu, simu ikatetema. Nelson ameandika: "Mpenzi niko Kwa Mrombo, kikao cha vibarua. Mapambano yanaendelea."

Akatabasamu, maskini. Ndipo mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi akainua jogoo mwekundu.

— Huyu kanunuliwa na Nelson wetu, anamzawadia mama mkwe wake mtarajiwa, Mama Diana.

Vigelegele. Mama Diana, yule mwenye nyumba za kupangisha Kaloleni, akainuka kitini kwa madaha. Nelson akapokea jogoo ampelekee, na simu yake ikaita. Akajibanza ukutani, jogoo kwapani.

— Mpenzi, nipo kikaoni.

— Nina swali moja tu. Baba alipokufukuza, alikuwa amesimama wapi?

— Juu ya ngazi pale mlangoni, ananitazama kama takataka. Si nilikwambia, ni matabaka hayo.

Jogoo akawika.

— Na huyo?

— Wa jirani, mpenzi.

Jibu halikupita kwenye simu. Lilimfikia kisogoni.

— Mpeleke basi, mama mkwe anamsubiri. Na nyumba ya baba yangu haina ngazi.