Mkono wa Kétsia na Trampolini ya Papa Camille

Kétsia alivunjika mkono Jumamosi asubuhi, siku ya soko, juu ya trampolini. Alikuwa na miaka saba. Kabla ya saa sita, watoto watano walikuwa wameumia palepale.

Trampolini ilikuwa ya Papa Camille, mtu wa Butembo mwenye duka kando ya barabara ya Kibua. Aliipata Goma, imeshatumika. Ni kitambaa kigumu kilichokazwa kwa springi kwenye duara la chuma, juu ya miguu inayofika kiunoni. Mtoto akiruka, kinamrusha juu. Wavu wa kuizunguka haukuwapo. Siku za soko watoto walipanga mstari, na Camille, ili mstari usogee, aliingiza kumi kwa mara moja, wakubwa na wadogo. Wakubwa walitua kwa nguvu makusudi ili wadogo warushwe. Watu walicheka. Papa Luc, baba yake Kétsia, alicheka pia, mpaka mtoto wake alipoangukia nje, juu ya kiwiko.

Luc hakwenda kituo cha afya. Alimpeleka kwa shangazi yake Libérata, anayeunga mifupa ya wanakijiji tangu Luc hajazaliwa. "Kule wanakata," shangazi alisema. "Miye nafunga." Alikanda kiwiko kwa mafuta ya mawese, akakivuta, akaweka vipande vya mianzi, akavikaza kwa kamba za magome mpaka Kétsia akapiga kelele.

Saa nane mchana mtoto hakulia tena. Luc alidhani amepoa. Alipomshika vidole akakuta vimevimba, vya kijivu, baridi kama mawe ya mtoni. Shangazi alimwambia asubiri, kwamba mfupa unaunga. Luc hakusubiri. Alimbeba mtoto mgongoni akakimbia.

Kituo kilijaa. Watoto wengine wanne wa trampolini walikuwa wamefika kabla yake. Mmoja mwenye mguu uliovunjika alilalia kitanda cha kuzalia, na mama mwenye uchungu alikuwa chini, kwenye mkeka wa korido. Adelaïde, muuguzi, alikuwa peke yake. Aliona vidole vya Kétsia, akaacha yote, akachukua mkasi akakata kamba.

"Nani alimufunga hivi?"

"Shangazi yangu. Anajua mifupa."

"Mifupa anajua. Damu, hapana. Mukono ikivunjika inavimba. Ukiifunga nguvu, damu haipite, na mukono inakufa. Saa kadhaa tu zinatosha."

Aliunyoosha mkono wa Kétsia kidogo, akabonyeza ukucha wa kidole gumba, akauachia. Ukabaki mweupe. Akangoja, akabonyeza tena. Luc alitazama ukucha ule kama mtu anayesubiri hukumu. Mara ya nne, wekundu ulirudi polepole. Kétsia akaanza kulia kwamba vidole vinamchoma.

"Wacha alie," Adelaïde alisema. "Ni damu njo inarudi."

Luc alikaa chini kando ya mtoto.

Muuguzi aliuegemeza mkono kwenye ubao, akaufunga kwa kitambaa cha kikwembe, si kwa kukaza, vidole nje, akamwonyesha Luc namna ya kuvipima njiani: viwe na joto, vicheze, ukucha urudishe rangi. Pikipiki ikawapeleka hospitali kubwa. Kule walipiga picha ya mfupa, wakamlaza mtoto usingizi, wakaurudisha mahali pake. Daktari alisema saa chache zaidi na angekuwa anazungumza habari ya kukata.

Waliporudi, Adelaïde alikwenda dukani kwa Camille, Luc nyuma yake. Camille alianza kusema watoto wa siku hizi ni wakorofi.

"Papa Camille, umeshaona mahindi mu kinu?" muuguzi aliuliza. "Muchi ukishuka, punje zinaruka nje. Mukubwa njo muchi. Mudogo njo punje. Mumoja, mumoja tu, na wa chini ya miaka sita asipande."

"Na mustari?"

"Mustari ungoje. Ao uende ulale wewe pale kwa mukeka, mahali mama ya watu alizalia."

Luc ndiye aliyesema chuma kishushwe chini. Yeye na wanaume wanne walichimba shimo siku mbili, trampolini ikakaa usawa wa ardhi, pasiwe na mahali pa juu pa kuanguka. Springi zikafunikwa magodoro ya zamani. Camille mwenyewe akasimama na fimbo, si ya kuchapa, ya kuhesabia zamu.

Shangazi Libérata alikwenda kituoni siku mambo haya yote yalipoisha, akakaa mbele ya muuguzi. "Nionyeshe," alisema. Sasa mtu akivunjika, yeye hakandi wala havuti. Anafunga kwa kikwembe bila kukaza, anapima vidole, anaita pikipiki.

Tangu hapo hakuna mtoto aliyeletwa kituoni kutoka kwenye trampolini.

Jumamosi ile ilichukua hivi: mikono mitatu, mguu mmoja, meno mawili ya mbele. Plasta yote ya kituo kwa miezi miwili. Vitanda vitatu kwa siku nne, huku wenye malaria wakilala wawiliwawili. Mama mmoja alijifungulia koridoni. Yeye na mtoto ni wazima. Kétsia alikaa wiki nne bila kuandika. Kidole hakupoteza hata kimoja.