Kahawa za Mukandekezi

Kila alipotoka shule, Speciose alipitia kwenye ghala la kahawa pale Kayanga kumsubiri mama yake, Mukandekezi. Wanawake waliketi mikekani wakichambua kahawa, mbegu mbovu huku, nzuri kule, wakisimuliana habari za watoto na migomba. Kazi ikiisha, mama na binti walirudi nyumbani pamoja wakiokota kuni njiani. Mwaka huo wa 1985 Speciose alikuwa darasa la sita, na alizipenda sana safari hizo.

Aliyeharibu furaha hiyo ni Melkiory, mnyapara wa ghala, mtu mwenye mdomo mchafu. Alimwita Mukandekezi mkimbizi mbele ya watu, ingawa mama huyo alizaliwa Kaisho, wilaya hiyohiyo ya Karagwe; wazazi wake ndio waliotoka Rwanda. Mara nyingi aliupiga teke ungo wake, kahawa safi ikachanganyika na chafu, na mama akalazimika kuanza upya. Mukandekezi alivumilia hadi akachoka, akapeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa chama cha ushirika, Mzee Rwegoshora.

Mwenyekiti aliwauliza wachambuaji waliyoyaona. Wote wakatazama chini. Hata Joviana, jirani na rafiki wa Mukandekezi aliyeketi naye mkeka mmoja, alisema hakuona kitu.

Tangu hapo Melkiory hakurudia mateke. Alifanya baya zaidi. Alimnong'oneza huyu na yule kwamba Mukandekezi ana mkono mbaya, kwamba huwawekea watu sumu.

Huko Karagwe uvumi wa namna hiyo si wa kuchezea. Mgeni hukaribishwa kwa kahawa za kutafuna, na mwenyeji hutafuna kwanza ili mgeni ajue ni salama. Wachambuaji nao walileteana kahawa hizo kwa zamu. Jumamosi moja ilikuwa zamu ya Mukandekezi, na Speciose alikuwapo. Mama alitafuna, kisha akapitisha kikapu chake kidogo. Mchambuaji mmoja, Auleria, akasema jino linamsumbua. Mwingine akasema ameshiba. Kilipofika kwa Joviana, alikisukuma mbele bila kuinua macho. Kikapu kikamrudia mwenyewe kikiwa kimejaa vilevile, na Melkiory akacheka mlangoni.

Njiani Speciose alilia.

"Mama, acha kazi hii. Shuleni wenzangu hawataki tena kunywa kwenye kikombe changu."

"Natamani kuacha, mwanangu. Usingizi wenyewe siupati. Lakini nikiondoka sasa, watasema nimekimbia kwa sababu ni kweli. Maneno hayo yatakufuata hata utakapoolewa."

"Basi tufanye nini?"

"Sijui."

Speciose hakuwahi kumsikia mama yake akisema hajui, na aliogopa.

Kesho yake, walipotoka kanisani, alikwenda kwa Joviana. Alimkuta jikoni akimenya ndizi.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Mama hali chakula. Mama mdogo, kahawa zake uliziogopa kweli?"

Joviana aliweka kisu chini. "Mama yako ndiye aliyenipikia nilipojifungua. Angetaka kuniua, ningekuwa nimekufa zamani."

"Sasa mbona hukuchukua?"

"Namwogopa Melkiory. Akinifukuza, wanangu watakula nini?"

"Na mimi ni mtoto wa mama yangu," Speciose alisema, akaaga.

Jumatatu Joviana alikwenda kwa mwenyekiti, akaeleza yote, mateke na uvumi. Wanawake wengine walipoitwa tena, nao walisema kweli. Melkiory alifukuzwa kazi. Jioni, Speciose akiwa ameshafika kutoka shule, Mzee Rwegoshora akaja ghalani, akamtaka radhi Mukandekezi mbele ya wote, na kumwomba aendelee na kazi.

"Nashukuru, mzee," Mukandekezi alijibu. "Lakini naomba niondoke."

Joviana alijifunika uso kwa kanga, akalia. Mukandekezi alimshika bega, kisha akatoka.

"Lakini tumeshinda, Mama," Speciose alisema walipofika barabarani.

"Tumeshinda. Ila nikiketi na watu wale nitakuwa naukumbuka mkono wa kila mmoja ukikataa kahawa zangu. Nitafanya vibarua vya kulima, na nitalima maharage yetu. Kutakuwa na shida, sitakudanganya. Ningeondoka juzi, uongo ndio ungekuwa umenifukuza. Leo nimeondoka kwa kupenda mwenyewe, na hakuna atakayekunyima kikombe."

Walitembea kidogo.

"Umemkasirikia mama mdogo?"

"Hapana. Alikuwa na hofu, na mwisho alisema kweli. Lakini angalia, Speciose. Melkiory alikuwa mmoja, na sisi tulijaa ghala zima. Kama mtu mmoja tu angesema siku ya teke la kwanza, leo ningekuwa kazini. Ukiona mwenzako anaonewa, sema siku ileile. Ukichelewa, utamsafisha jina, lakini alichopoteza hutaweza kumrudishia."